Kilo Nane za Kwenye Boksi

Kosa langu lilianzia kwenye begi. Nilikuwa nimenunua begi jipya la mgongoni lenye mfuko wa pembeni wa chupa ya maji, nikajiapiza kwamba stendi ya kamera nitakayonunua sharti iingie kwenye mfuko ule. Nilikuwa nimechoka. Stendi yangu ya zamani ilikuwa ya alumini, uzito wake karibu kilo tatu, na nilikuwa nimehangaika nayo miaka tisa: kwenye harusi za Tabata na mahafali ya Kibaha, juu ya bodaboda nikiwa nimeilaza mapajani kama mtoto mgonjwa, na kwenye mabasi ya mikoani ambako hakosekani abiria wa kuuliza, nusu utani nusu kweli, kama ile ni bunduki.

Basi ilipokuja kazi ya Kilwa nikaona hapa ndipo pa kuachana nayo. Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka picha ya matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ichapwe kwenye kanvasi kwa upana wa mita moja na nusu, itundikwe nyuma ya meza ya mapokezi. Malipo ya awali yalikuwa yameshaingia kwenye simu. Nikaipeleka stendi ya zamani stoo kwa baba mkwe, nikashika njia ya Kariakoo.

Stendi niliyoiona dukani ilivutia macho kama kisu kipya. Ikikunjwa ilikuwa na urefu wa sentimita 32, uzito kilo moja na kidogo, na kila mguu ulikuwa na pingili tano zinazochomoka moja kutoka ndani ya nyingine. Kijana wa dukani aliichomoa yote kwa mara moja, akapandisha na nguzo ya kati, ikanifika kidevuni.

"Inabeba kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Nane, bosi wangu. Soma mwenyewe hapo."

Nikasoma. Boksi lilisema kilo nane. Nikapiga hesabu palepale kaunta. Kamera yangu ni Nikon D850, ambayo ikiwa na betri na kadi ina gramu 1,005. Lenzi ya 70-200 ya f/2.8 ina gramu 1,430. Jumla haifiki hata kilo mbili na nusu. Nikajiona nina akiba mara tatu ya mahitaji yangu, na mtu mwenye akiba mara tatu haulizi maswali mengi. Nikalipa. Mfukoni mwa begi iliingia kama jambia alani.

Niseme mapema kwamba yule kijana hakunidanganya, wala boksi halikunidanganya. Ningeweza kutundika pale ndoo ya maji ya lita nane na stendi isingevunjika. Shida ni kwamba sikuwa nimeajiriwa kupiga picha za ndoo.

Tulifika Kilwa Masoko jioni, mimi na msaidizi wangu, kijana wa miaka ishirini na mbili. Ulikuwa mwezi wa Julai, msimu wa kusi. Asubuhi tulivuka kwa mashua, tukiwa na kibali na mwongozaji, na kabla jua halijapata nguvu tulikuwa tumesimama ndani ya msikiti.

Wanaopafahamu mahali pale wataelewa kwa nini nilitaka lenzi ndefu. Ukumbi mkongwe wa upande wa kaskazini ni wa karne ya 11 au 12. Upanuzi mkubwa wa kusini, wenye nguzo, matao na kuba, ulianza karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyejenga pia jumba la Husuni Kubwa, na ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331. Ukipiga kwa lenzi fupi unapata ukumbi. Ukirudi nyuma ukapiga kwa lenzi ndefu, matao yanasogeleana, moja nyuma ya jingine, kama magamba ya samaki, na mawe ya matumbawe yanaonyesha kila tundu lake. Hiyo ndiyo picha niliyoiahidi.

Nilitaka matao yote yawe makali, la mbele hadi la mwisho, kwa hiyo nikabana tundu la lenzi hadi f/16. Nikaweka ISO 64, ya chini kabisa katika kiwango cha kawaida cha kamera ile, ili chapa kubwa isije ikatoka na chengachenga. Gharama ya uamuzi huo ni muda. Shata ilinitaka niiache wazi kati ya nusu ya sekunde na thumuni ya sekunde, kadiri jua lilivyopanda. Hapo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia. Ndiyo maana ya stendi.

Nikachomoa pingili zote tano, nikapandisha nguzo ya kati, nikafunga kamera. Dalili ya kwanza ilijitokeza dakika ileile. Nilipokaza kichwa cha stendi na kuachia mikono, pua ya lenzi ilishuka kidogo, kama mzee anayesinzia kwenye hotuba. Nikalegeza, nikapandisha, nikakaza tena, ikashuka tena. Unajua nilifanya nini? Nikajifunza kulenga juu kidogo ya ninapotaka, ili ikishuka ifike panapotakiwa. Nikajiona fundi. Asubuhi nzima nilipiga hivyo, nikijisifu moyoni kwa kuelewana na chombo changu kipya, na kila picha iliyotokea kwenye skrini ya nyuma, yenye inchi 3.2, ilionekana safi. Sikuivuta hata moja niitazame kwa karibu.

Jambo jingine nililojivunia ni saa. Niliitega kamera isubiri sekunde mbili baada ya kubonyeza ndipo ipige, kidole changu kisije kikaitikisa. Sekunde mbili ndiyo desturi. Niliifundishwa na mimi nimeifundisha wengi.

Alasiri tulitembea hadi Husuni Kubwa, ambako magofu ya jumba yamekaa juu ya mwamba, bahari chini yake. Kusi lilikuwa limeshapanda. Nikakumbuka ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba stendi nyepesi utundikie begi kwenye ndoano iliyo chini ya nguzo, ipate uzito. Nikalitundika begi. Lakini begi linaloning'inia kwenye upepo halikai kimya. Likaanza kubembea. Kila lilipokwenda upande mmoja lilivuta stendi upande huo, na mguu mmoja ambao ringi yake ya kukaza ilikuwa imeingia mchanga ukaanza kuzama ndani ya mwenzake, taratibu, bila sauti. Mimi nilikuwa nimegeuka kuangalia jahazi lililokuwa likipita mkondoni.

"Kaka!"

Nilipogeuka, kijana alikuwa amelala kifudifudi, kaushika ukanda wa kamera kwa mikono miwili. Kamera ilikuwa inaning'inia juu ya mawe, urefu wa shubiri moja hivi. Stendi ilikuwa imelala kando miguu juu, kama panzi aliyekufa.

Usiku ule nilimnunulia samaki mkubwa kuliko wote aliokuwa nao mama ntilie. Tulicheka, tukasimuliana upya namna alivyoruka, nikamwita mlinda mlango. Nilidhani nimeshakutana na hatari ya stendi ile na nimenusurika.

Hasara yenyewe ilikuwa imeshalala ndani ya kadi tangu asubuhi.

Niliijua Dar es Salaam, siku ya pili yake, nilipofungua picha za msikitini kwenye kompyuta na kuzivuta kwa ukubwa wa chapa. Kila tao lilikuwa na pacha wake. Ukingo wa jiwe ulikuwa na ukingo mwingine pembeni, hafifu, kana kwamba msikiti ulitetemeka na kamera ikashuhudia. Picha ya pili vilevile. Ya kumi vilevile. Kwenye simu ungezisifu. Kwenye kanvasi ya mita moja na nusu zingekuwa aibu iliyotundikwa ukutani kwa miaka. Nilikuwa na picha sitini na moja. Zilizofaa zilikuwa tatu, na zote tatu hazikuwa za matao: nilizipiga nikiwa nimepiga magoti mbele ya mlango mfupi, miguu ya stendi nikiwa sijaichomoa kwa sababu sikuhitaji urefu.

Hizo tatu ndizo zilizonisumbua zaidi. Stendi ileile, kamera ileile, shata ileile. Kwa nini hizi zimetulia?

Baba mkwe wangu ni mpima ardhi mstaafu. Tangu miaka ya 70 amepima viwanja na barabara, na ingawa hajawahi kumiliki kamera zaidi ya ile ya kwenye simu, maisha yake yote ya kazi aliyatumia nyuma ya miguu mitatu. Nilikwenda kwake kufuata stendi yangu ya zamani, nikiwa nimeikunja mpya kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuja na sura ya matanga?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono nimpe ile stendi. Akaichomoa yote, akaisimamisha uani, halafu hakuibonyeza kuelekea chini kama nilivyofanya mimi dukani. Alishika kichwa chake kwa vidole viwili akakizungusha, kushoto, kulia. Miguu ikajinyonga kama mabua ya mtama.

"Unaona? Wewe umeuliza itabeba kilo ngapi. Chombo chetu cha kupimia hakikuwa kizito sana, mtu mmoja alikibeba. Lakini miguu yake ilikuwa ya mbao nene, chini ina ncha za chuma, unaikanyaga iingie ardhini. Hatukuogopa chombo kuanguka. Tuliogopa kisogee." Akaishika nguzo ya kati. "Na hii kazi yake nini?"

"Kuongeza urefu, baba."

"Yaani mmejenga nyumba, halafu mkasimika mnazi juu ya paa."

Nendeni barabarani mkawatazame wapima. Tangu siku ile nimekuwa nikisimama kila ninapowaona. Miguu yao haina nguzo ya kati hata mmoja. Juu ni bapa pana, miguu imeachana tangu begani, na ikishafika chini bado ni minene. Wala si mizee ya kale isiyojua teknolojia. Mbao hunyonya mtetemo vizuri, na Ujerumani kuna kiwanda, Berlebach, kilichoanza mwaka 1898, ambacho mpaka leo kinauzia wapiga picha stendi za mbao.

Baba mkwe akaniambia nifunge kamera na lenzi yangu ndefu. Akanionyesha nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, yenye namba zilizoandikwa kwa rangi. Nikaielekeza kamera pale, nikawasha picha kwenye skrini ya nyuma na kuivuta mpaka mwisho, namba moja ikajaa skrini nzima. Akagonga mguu wa stendi kwa kidole, kama anayegonga chungu kusikia kama kina ufa.

"Hesabu."

Namba iliruka, ikacheza, ikazunguka. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ilipofika tano ndipo ilipotulia, na hapo hapakuwa na upepo wa kusema.

Ndipo nilipokumbuka sekunde zangu mbili. Nilibonyeza, stendi ikaanza kutetemeka kwa sekunde tano, na kamera ikapiga katikati ya ngoma. Zaidi ya hapo, kamera za aina hii zina kioo ndani kinachoruka juu kabla ya shata kufunguka, na kile nacho kinagonga. Kwenye shata ya moja ya elfu, kishindo hicho hakina muda wa kuonekana. Kwenye picha ya dakika nzima, ni kipande kidogo mno cha muda wote. Pabaya ni katikati, tuseme kutoka moja ya thelathini hadi sekunde moja, na mimi nilikuwa nimekaa humo humo asubuhi nzima.

Tukafunga pingili mbili za chini, tukashusha nguzo, nikapiga goti. Akagonga. Haikuvuka mbili. Tukatoa ya zamani stoo, ikiwa na utando wa buibui, tukaichomoa yote. Akagonga, na hata kabla sijasema moja sawasawa, namba ilikuwa imetulia kama imechongwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na nitakaa kidogo. Mguu wa stendi ni bomba, na bomba linapinda kulingana na kipenyo chake kwa namna isiyo na huruma. Ukipunguza kipenyo nusu huku unene wa ukuta wa bomba ukibaki uleule, ugumu wake wa kupinda haushuki nusu. Unashuka hadi thumuni hivi. Sasa, kila pingili ili iingie ndani ya mwenzake lazima iwe nyembamba, kwa kawaida kwa milimita tatu au nne. Yangu ilianza na 22 juu, ikashuka 19, 16, 13, na ya mwisho 10: unene wa kidole cha mwisho, nacho cha mtoto. Kamera ya kilo mbili na nusu kasoro ilikuwa imesimama juu ya vidole vitatu vya watoto, na juu ya miguu hiyo nimesimika mnazi. Zile picha tatu za mlangoni zilitulia kwa sababu vidole vile vilikuwa vimefichwa ndani.

Tena sikuhitaji mtikisiko mkubwa kuharibikiwa. Sensa ya D850 ina pikseli milioni 45.7 zilizobanwa kwenye upana wa milimita 36 hivi. Kwa lenzi ya milimita 200, pua ya lenzi ikishuka kwa unene wa unywele mmoja huku nyuma pamebaki palepale, taswira inahama zaidi ya pikseli kumi. Unywele mmoja! Ukipiga kwa lenzi ya milimita 24, kosa hilohilo la pembe linapungua zaidi ya mara nane, ndiyo maana rafiki zako wanaopiga mandhari kwa lenzi fupi watakuapia kwamba stendi kama hiyo haina tatizo. Wanasema kweli yao.

Na zile kilo nane? Kila kiwanda kinapima kwa njia yake, na kwa kawaida namba ile inakuambia uzito ambao miguu haitakunjika wala ringi haitateleza. Haikuambii itachukua muda gani kutulia ikiguswa. Namba ile bado ina kazi: kama boksi linasema kilo tatu na mzigo wako ni mbili na nusu, ondoka. Lakini ikishavuka mara tatu au nne ya mzigo, iache, uanze kutazama mabomba.

Sisemi stendi ndogo ni mbaya. Udogo unapatikana kwa njia mbili na zinafaa zitofautishwe. Njia ya kwanza ni kukata miguu vipande vingi vyembamba, na hiyo ndiyo niliyoinunua. Ya pili ni akili. Gitzo, kampuni iliyoanzia Ufaransa mwaka 1917, ilitoa stendi za nyuzi za kaboni mwaka 1994, na baadaye mtindo wa miguu inayopinduka juu kabisa hadi kukumbatia kichwa ukaenea kwa watengenezaji wengi. Urefu wa kichwa hauongezeki tena juu ya urefu wa miguu. Peak Design mwaka 2019 walikuja na miguu isiyo duara, inayolalia nguzo bila kuacha nafasi tupu katikati. Akili ya namna hiyo inakupa sentimita bila kukunyima unene. Ila hata akili ina mwisho, na mwisho wake ni huu: ufupi haukwepeki. Ama stendi iwe ndefu begani, ama iwe fupi kazini. Mwenye kamera nzito na stendi ya kusafiria akubali kupiga magoti, kuketi, kuacha pingili ya mwisho ndani. Mwenye magoti mabovu anunue ndefu.

Kuhusu kaboni na alumini sina mengi. Kaboni ni nyepesi na hutulia upesi zaidi, na bei yake inauma. Alumini nene itaishinda kaboni nyembamba siku zote.

Kichwa ndicho watu wanachokidharau. Stendi yangu ilikuja na kichwa cha gololi, na gololi yenyewe ilikuwa ndogo kama korosho. Gololi kubwa ina eneo pana la kubanwa, kwa hiyo haisinzii. Lakini hata hapo kosa la kwanza lilikuwa langu. Lenzi kama ile huja na pete yenye mguu wake, na mguu huo ndio unaopaswa kufungwa kwenye stendi, ili uzito ukae katikati. Mimi nilifunga tumbo la kamera, kilo moja na nusu kasoro ya lenzi ikabaki imechomoza mbele hewani, kama mtu aliyeshika ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Nilipogeuza kamera wima, hata kibamba cha chini kilijizungusha kwenye skrubu yake, maana kilikuwa na mpira laini juu. Siku hizi vibamba vya mtindo wa Arca-Swiss, vyenye upana wa milimita 38, vinaingiliana kwenye vichwa vya watengenezaji wengi, kwa hiyo hakuna sababu ya kung'ang'ania kibamba kibovu kilichokuja ndani ya boksi.

Nilirudi Kilwa kwa nauli yangu. Mwenye nyumba ya wageni nilimweleza ukweli. Alikaa kimya kwenye simu muda mrefu kidogo, kisha akanipa wiki mbili. Safari hii nilikuwa na stendi ya pingili nne, juu milimita 28, chini 19. Ukilinganisha 19 hiyo na ile 10, ugumu wa mguu wa chini ni karibu mara saba. Pamoja na kichwa ilikuwa kilo moja na gramu 900, na ikikunjwa sentimita 46. Kwenye mfuko wa chupa haiingii. Naifunga nje ya begi kwa mikanda miwili, na abiria wameanza tena kuuliza kuhusu bunduki.

Nilibeba na mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za choroko. Wanaopiga picha za wanyama kwenye magari ya utalii wanaujua mfuko huo: ukiulaza kwenye dirisha na kamera juu yake, unatulia kuliko stendi nyingi. Magofuni sikuulaza juu ya kuta zile, hazistahili; niliutandaza juu ya miguu ya stendi, ukagusa miguu yote mitatu bila kuning'inia. Nguzo nikaishusha kabisa. Nikatandika mkeka, nikaketi nyuma ya kamera kama mshona viatu, na nikaitega isubiri sekunde tano badala ya mbili. Baada ya kila picha kijana aliivuta kwenye skrini mpaka mwisho kabla sijapiga nyingine. Alikuwa mkali kuliko mteja. Choroko tulizipika Masoko siku ya kuondoka.

Kurudi nyumbani niliiosha stendi kwa maji baridi ya bomba, nikafungua kila ringi, nikatoa mchanga, nikaianika kivulini. Chumvi ya pwani haina haraka, lakini haisahau.

Ile ndogo ilibaki kabatini miezi kadhaa. Binti yangu aliitumia kushikia simu akijirekodi anavyopika, na kwa kazi hiyo haikuwa na dosari hata moja. Mwishowe nikaitangaza kuiuza, na jioni moja akaja kijana wa chuo, kamera nzito shingoni, lenzi ndefu kama mchi. Nilikuwa nimeiweka mezani pamoja na boksi lake. Hakuigusa stendi. Alishika boksi, akaligeuza, akasoma, uso ukang'aa.

"Kaka, kilo nane! Yangu yote haifiki tatu."

Nikamwomba kamera yake. Nikaifunga juu, nikachomoa pingili zote tano, nikaielekeza kwenye dirisha la ghorofa ya mbali na kuivuta skrini mpaka mwisho.

"Gonga huo mguu," nikamwambia, "halafu uhesabu."

Akagonga.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu…"